Anziza na Homa ya Nguruwe

Kule Moroni, mji mkuu wa visiwa vyao, walimwita Mama Nguruwe. Anziza, mzaliwa wa Mutsamudu kisiwani Nzuani, alisomea tiba ya mifugo ng'ambo, Antananarivo, na huko alichunguza homa ya nguruwe. Aliporudi akaajiriwa Moroni, wenzake ofisini walivuta vikombe vyao vya chai mbali naye kana kwamba ana najisi. Naye aliwatazama kama mtu anavyotazama inzi: wanaume wa tai waliojua kugonga mihuri, basi.

Mwaka 1999, hasira za kujitenga kwa Nzuani zilipopanda Moroni, vijana walipita mitaani wakiwasaka Wanzuani. Wale wa tai wakajifungia ndani, hakuna aliyemfungulia. Anziza akapanda meli na mkoba mmoja, akarudi kwao.

Mutsamudu napo hapakuwa na nafuu. Mouridi, jana dalali wa karafuu, leo mkubwa katika serikali ya waliojitenga, akamwita. Bandarini ilikuwa imetia nanga meli ya msaada, imebeba unga na nyama ya makopo, nayo ilipitia Moroni. Mouridi hakutaka watu washibe kwa mkono wa mahasimu.

"Bi Anziza, utasema redioni kwamba Moroni wametutilia virusi vya nguruwe kwenye makopo. Wewe umesoma, wataamini."

"Virusi hivyo havimpati mtu, Bwana Mouridi. Humwingia nguruwe kwenye seli zile zile zinazomlinda. Humo hutengeneza protini inayoizuia seli isipige mbiu. Mwili una askari wake wa kuzaliwa nao, hawangoji kufundishwa; lakini mbiu isipolia, hawaji. Nguruwe hushtuka maji yameshazidi unga. Mtu hadhuriki."

"Kumbe unamtetea nguruwe?"

"Afadhali yeye. Hajanituma uongo."

Akafukuzwa. Tangazo likasomwa na mtu aliyeshindwa hata kulitamka neno "virusi". Wapagazi wakagoma kupakua, meli ikang'oa nanga na shehena yake, na mji ukabaki kutafuna mihogo mikavu. Maneno yake kwa Mouridi yakavuja, majirani wakamnunia Anziza, eti rafiki wa nguruwe. Hilo lilimuuma kuliko njaa: watu wazima na akili zao, wameukataa unga kwa kauli ya dalali!

Sasa anatibu mbuzi na ng'ombe wa vijiji vya mlimani. Mouridi akikutana naye njiani humtolea salamu kwa sauti, watu wasikie. Anziza huiitikia, maana dini inamlazimu, kisha hutema mate pembeni na kwenda zake.