Kisu Hakinolewi Mbele ya Ng'ombe

Kosa langu la kwanza kama msomaji lilikuwa kuanzia ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nikinunua riwaya, nafungua nyuma kabisa na kuangalia nani amebaki hai. Ndipo narudi mwanzo, nikiwa nimeshaamua nitampenda nani. Wa kufa sikumpenda. Nilimsoma kwa macho tu, jinsi unavyomsikiliza mgeni ambaye unajua anaondoka kesho.

Sitasingizia utoto wangu. Wazazi wangu wako hai, wanalima mahindi na kukama ng'ombe wawili huko Subukia. Mimi ni mtu wa wasiwasi tu. Nafunga kufuli, nalitikisa, natembea hatua kumi, narudi kulitikisa tena. Vitabu vyangu navifunika kwa plastiki kama daftari za darasa la kwanza. Niliacha shule kidato cha pili, na Kiingereza nilicho nacho nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada na riwaya za mitumba zinazotandazwa chini kando ya barabara mjini Nakuru. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi akiogopa kwamba kuna ukurasa ambao wengine wote waliusoma, yeye akauruka.

Riwaya hii niliinunua hapo barabarani, wiki niliyoanza kazi ya kuosha sakafu katika kichinjio kimoja nje ya mji. Ilikuwa nene kama tofali, ya watu wazima, ya ulimwengu usiokuwepo. Niliusoma mwisho wake nikiwa bado nimesimama mbele ya muuzaji. Kaburi, na juu ya kaburi shoka. Sawa, nikasema moyoni. Mwenye shoka anakufa.

Mwenye shoka alikuwa mwanamke. Alimwacha binti yake katika mji wenye kuta saba, vita vikazuka, malango yakafungwa, naye akawa anarudi kumchukua, lango baada ya lango, akiua kila aliyesimama mbele yake. Taya lake liliwahi kuvunjwa na likaunga vibaya, kwa hiyo alipocheka alionekana kama anayelia. Aliandamana na mchawi aliyelipia kila uchawi kwa jino lake mwenyewe. Jino ling'oke kwanza, ndipo moto uwake. Kufikia lango la tatu mchawi huyo alikuwa mtu wa uji. Nikampenda yeye, kwa sababu kule mwisho nilimwona amesimama kando ya kaburi, mzima.

Kichinjioni tulikunywa chai saa tatu asubuhi, baada ya ng'ombe wa mwisho. Siku moja mchunaji wa ngozi, kijana wa rika langu mwenye mdomo mrefu, alinikuta nikisoma juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Boss, hiyo ni Biblia ama?"

"Ni hadithi ya vita."

"Na unakula peke yako? Hebu tusomee."

Ndivyo ilivyoanza. Nilisoma Kiingereza kimoyomoyo na kukitoa kwa Kiswahili. Wasikilizaji wangu walikuwa watatu: huyo mchunaji, mama aliyeosha matumbo ambaye sote tulimwita mathe, na mzee mchinjaji. Mzee ndiye aliyekuwa Mwislamu pekee kati yetu, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukata koo, ili nyama iliwe na watu wote. Hakujua Kiingereza hata neno. Katika wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimetaka kumpendeza, nikachukua kisu chake nikaanza kukinoa karibu na zizi. Alinipiga kofi mkononi, kikaanguka.

"Kisu hakinolewi mbele ya ng'ombe," alisema. "Hata kuonyeshwa haonyeshwi. Kufa atakufa, lakini usimuue mara mbili."

Nilidhani ni sheria ya dini tu, nikaishika kama ninavyoshika sheria zote, kwa hofu.

Sijawahi kuwa na wasikilizaji wakali kama wale. Shoka lilipoingia shingoni mwa askari na kutoka upande wa pili, mzee alitikisa kichwa. "Haliwezi. Likifika kwenye mfupa linakwama. Lazima amkanyage bega ndipo alichomoe. Mwambie huyo mwandishi aje hapa siku moja." Kitabu kiliposema damu ilinuka chuma, mathe alicheka. Damu mbichi inanuka joto, alisema, chuma ni ya jana. Nami nikaanza kurekebisha nilipokuwa nikisoma. Mwanamke wangu alikanyaga mabega. Nilikuwa na damu kwenye gambuti na damu mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuogopa kwamba ninakosea.

Kulikuwa na mahali, kwenye lango la pili, ambapo mwanamke analala na mkuu wa walinzi kabla ya kumchinja. Nilisema, "Asubuhi ilipofika..."

"Kijana," akasema mathe, "umeruka."

"Sijaruka, mathe."

"Umefungua karatasi mbili na mdomo umesema asubuhi ilipofika. Nimezaa watoto watano. Soma."

Nikasoma, masikio yakiniwaka. Mchunaji alicheka hadi chai ikamtoka puani. Mzee aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba nzi ametumbukia.

Lakini mzee ndiye aliyeshikwa na hadithi kuliko wote. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, aliuliza, "Amebakisha malango mangapi?" Nami nikimjibu alikunja vidole vyake kimoja kimoja. Tulipomaliza lango la nne, ambako mwanamke alipigana ndani ya mtaro uliojaa maiti, maji ya damu yakimfika kiunoni, mkono wake mmoja umevunjika na shoka limefungwa kwenye kiganja kwa nywele zake mwenyewe, mzee hakunywa chai yake kabisa. Ilipoa.

Mchunaji akauliza, "Sasa huyu mathe wa shoka atafika kwa mtoi wake?"

Hakuna aliyenilazimisha kujibu. Nilitaka tu waone kwamba mimi ninajua. "Hafiki," nikasema. "Anakufa. Kuna kaburi lake kule mwisho."

Mzee alimwaga chai chini, akaniangalia.

"Umenoa kisu mbele yangu," akasema. Akaenda kuketi na madereva wa pikapu za nyama.

Hakurudi. Kesho yake nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba," na likaishia hapo. Hakuuliza malango. Nilijaribu kuwasomea wale wawili lango la tano, lakini nilijisikia nikisoma orodha ya waliokufa, na mathe akanikatiza, "Hii imepoa, kijana. Weka mpaka mzee arudi." Nilijua nimeharibu kitu ambacho sina namna ya kukifuta. Furaha ya mtu mzima, ambayo alikuwa akiikunja kwenye vidole vyake kila asubuhi, nilikuwa nimeikata koo ili nionekane mwerevu. Siku tano nilitunga maneno ya kumwomba msamaha, nikayasahihisha, nikayatunga upya. Sikuyasema.

Siku ya sita, ng'ombe wa mwisho kabla ya chai alikuwa fahali mweusi kutoka Olenguruone, pembe moja imevunjika ncha. Alitulia hadi mlangoni. Hapo akasikia harufu ya sakafu, akatupa kichwa, na kamba ikakatika kwa mlio. Alimkuta mchunaji ameinama. Pembe iliingia pajani na kumwinua, akagonga ukuta, akaanguka chini ya kulabu za nyama akipiga kelele ambazo sikujua mwanamume anaweza kuzipiga. Damu ilimtoka kwa kuruka. Fahali akageuka, akanitazama mimi.

Nilikuwa nimeshika mpira wa maji. Nilijikojolea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mkojo ulikuwa na joto ndani ya gambuti.

Mzee alipita mbele yangu polepole. Mkono wake wa kushoto ulikuwa wazi, mtupu, ukimwonyesha yule mnyama kiganja. Wa kulia ulikuwa nyuma ya mgongo wake, na kutoka nilipokuwa nilikiona kisu, kimelazwa juu ya koti lake. Hata wakati ule alikuwa anakificha. Fahali alikuja. Mzee alikwepa hatua moja, kwato zikateleza kwenye maji niliyokuwa nimemwaga, na mzigo wote ule ukaanguka, sakafu ikatetemeka.

"Kamba!" akasema.

Nilijitupa juu ya kamba. Sijui nilivyofika. Mathe alikalia shingo, madereva wakashika miguu, teke moja likanipata mbavuni nikakosa pumzi lakini sikuachilia. Nikasikia mzee akilitaja jina la Mungu juu ya kichwa changu, na joto likanimwagikia mikononi, jingi, kwa mapigo, hadi mapigo yakaisha.

Mchunaji alifungwa paja kwa aproni na kukimbizwa hospitali kwa pikapu. Tulikuja kujua jioni kwamba ameshonwa na atapona. Lakini asubuhi ile hatukujua lolote. Tuliketi tu, tumelowa damu, hakuna aliyenawa. Mzee aliketi kwenye ndoo iliyokuwa karibu nami.

"Mzee, nisamehe," nikasema. Katika maneno yote niliyoyatunga, hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Akaonyesha ule mzoga kwa kidevu. "Huyu nilijua tangu alfajiri kwamba atakufa kabla ya chai. Nilijua?"

"Ulijua."

"Lakini sikujua atapitia wapi." Akajipangusa uso kwa bega. "Basi leta hicho kitabu. Niambie huyo mama alipitia wapi."

Nilisoma lango la tano nikiwa na vidole vyenye damu, nikaichafua plastiki, nikaendelea. La sita tulilifikia wiki iliyofuata, mchunaji akiwa amerudi kusikiliza tu, na fimbo. Mwanamke alianguka hapo, mkuki tumboni, lango moja limebaki. Na nyuma ya lango la saba kulikuwa na mtu anayelikata kutoka ndani. Mchawi alikuwa na jino moja. Angeweza kulitoa ili apate moto na kujiokoa. Aliling'oa kwa vidole, ili mwanamke anayekufa asikie, kupitia ukuta ule wote, ni nani anayelikata lango, na kwa shoka la ukubwa gani: dogo, la mkono wa mtoto.

Hilo halikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Nikakilaza kitabu magotini.

"Alifika," akasema mzee.

"Hakufika, mzee," akasema mchunaji. "Amebakisha lango moja."

"Alifika."

Bado wanabishana.

Kitabu cha pili cha hadithi hiyo nilikipata miezi kadhaa baadaye, mahali pale pale. Sikukifungua. Nilimpelekea mzee, nikamwomba akate kurasa thelathini za nyuma akae nazo. Mimi, ninayefunika vitabu kwa plastiki, nilishika jalada kwa mikono miwili huku kisu kikishuka kwenye uti wake, mara moja tu, bila kurudia. Kurasa hizo ziko kwenye mfuko wake. Yeye hasomi Kiingereza, na ameapa hatanipa hadi nifike.

Kufuli bado narudi kulitikisa. Lakini siku hizi naanza kitabu ukurasa wa kwanza, simjui atakayekufa, na nawapenda wote.