Mkono wa Wafula na Amina Iliyochelewa

Mkono uliokuwa umekufa miezi minane ulifufuka mbele yangu, mchana kweupe, ofisini Industrial Area. Aliyekuwa akiomba ni mimi. Na wala sikuwa nimeutaja huo mkono.

Naitwa Asenath. Ni mjane, naishi Ziwani, na huyu Wafula ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anayeishi kwangu.

Siku waliyochanjwa korona kwenye kiwanda cha sabuni anakofanya kazi, alirudi ameshikilia mkono wa kushoto.

"Shem, hauinuki. Chanjo imeua mshipa."

Wangu pia, nilipochanjwa, uliuma siku mbili, ukaacha. Wake ukakataa katakata. Akaufunga kwa leso yangu shingoni, akashtaki kiwanda.

Miezi minane namfulia. Mashati, suruali, hadi soksi!

Mwishowe kiwanda kikakubali tumalizane nje ya korti. Laki nne. Ikabaki hati moja ya kiapo: mtu wa nyumbani aape kwamba tangu chanjo, mkono haujainuka.

Mtu wa nyumbani ni mimi.

"Ni kusaini tu, shem," akaniambia njiani. "Hapo tumeomoka, umaskini kwisha."

"Kweli hauinuki, Wafula? Nitaapa kwa jina la Mungu, si la chifu."

"Shem! Unaniona hivi na bado unaniuliza?"

Wakili wa kiwanda, Bwana Irungu, alitupokea vizuri. Kalamu iko mezani. Akasema, "Mama, tufungulie na maombi."

Nikasema kama tunavyosema kanisani kwetu, "Tuinue mikono."

Sasa, mimi huomba macho wazi. Niliwahi kuibiwa viatu ibadani, sirudii.

Wakili ameinua mikono miwili.

Wafula ameinua mikono miwili. Leso imebaki shingoni, tupu.

Nikisema amina, mkono unashuka, napewa kalamu, naapa uongo. Nikimuumbua, ni damu ya mume wangu.

Nikaendelea kuomba.

Nikaombea kiwanda. Nikaombea mashine. Nikaombea askari wa geti, wauza mitumba wa Gikomba na mvua ya Bungoma.

"Ndiyo, Bwana!" Wafula akaitikia, mkono ukipunga kama anayeaga ndege.

Nilikuwa nimefikisha Waisraeli jangwani wakili alipochoka, akafungua jicho moja aangalie saa.

Akafungua na la pili.

"Wafula," akasema polepole, "na huo ni mkono gani?"

Wafula akautazama kule juu kana kwamba umetundikwa na adui. Halafu, jamani, akaruka kutoka kitini.

"Nimepona! Shem ameniombea nimepona! Haleluya!"

Irungu alicheka mpaka akavua miwani. Hakuita polisi. Aliandika karatasi nyingine: dai limeondolewa, Jumatatu Wafula arudi kazini. Wafula akatia sahihi yake mwenyewe.

Nikadhani yameisha.

Kumbe! Jumapili nafungua mlango, nakuta foleni. Wenye magoti mabovu, wenye migongo, na Kanyiva wa ploti ya pili amebeba redio iliyokufa. Wafula alikuwa ametangaza muujiza Ziwani nzima.

Hapo sikumficha tena. Nikasimama kwenye ngazi, nikasema, "Ndugu zangu, sijaponya mtu. Ule mkono haukuwa mgonjwa."

Wafula akatazama viatu vyake. Watu wakaondoka wakinuna. Kanyiva peke yake akabaki.

"Wewe omba tu, mama. Redio haijui kudanganya."

Nanyi mnaosoma, nawaachia hili: kabla ya kutia sahihi kuthibitisha uchungu wa mtu, mwombee kwanza. Na ukianza, usiharakishe amina.