Sikio Lililozibwa kwa Upendo

Jua halijashika mabati, na Mama Tambi ameshanawa mikono mara mbili. Amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, magotini ana sinia lililofunikwa. Anachukua kipande cha kitambaa cha pamba kilichochemshwa na kupigwa pasi, anakisokota kwa vidole mpaka kinatoa ncha laini kama ya utambi wa taa. Anakiinua kwenye mwanga. Hakimridhishi. Anakifumua, anaanza upya.

"Sikio la mtoto si tundu la ukuta," anasema bila kuinua macho. "Ukiingia, ingia kwa adabu."

Jina amelipata kwa tambi hizo. Wageni wanaoelekezwa kwa Mama Tambi hufika wakidhani kuna chakula. "Nawaonea huruma," anacheka. "Nawapa chai, wasirudi na aibu."

Yeye ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika vijiji vya ng'ambo ya mto, ambako daktari wa masikio hufika mara mbili kwa mwaka, mvua zikiruhusu. Posho yake haivuki sabuni na sukari. Kinachomlisha ni bustani ya mboga. Kazi yake ni kuwatafuta watoto wanaotoka usaha masikioni, kuyakausha kwa tambi, na kuwafikisha kituo cha afya wapate dawa ya matone kabla usaha haujala usikivu wao.

"Watu husema akikua yataisha," anasema. "Mtoto hukua kweli. Na ugonjwa nao unakua."

Analijua hilo kwa uchungu. Mdogo wake wa kiume alivuja masikio utotoni mpaka akawa kiziwi, na hapakuwa na aliyejua la kufanya. Leo ni seremala, naye ndiye aliyemchongea dada yake sanduku la vifaa, pembe zote amezilainisha zisimchubue bega. Akiulizwa kwa ishara kama ana masikitiko, hujibu kwa sauti ya kutikisa dirisha: "Nina faida! Sijawahi kusikia mawaidha ya shemeji!"

Dada mtu hucheka mpaka machozi. Halafu kicheko huisha, machozi yakabaki.

Mwaka jana, katika mizunguko yake, alipita nyumba ya mfua nguo mmoja iliyosifika kwa kelele. Majirani walidhani ni ugomvi usiokwisha. Mama Tambi alisimama njiani, akasikiliza, akaelewa. Yule mama hakuwa anagomba. Alikuwa anamwita mwanawe.

Binti huyo alikuwa na miaka tisa. Sikio la kushoto lilikuwa likivuja tangu ananyonya, na la kulia lilikuwa limeanza. Darasani walimwita Samaki, kwa ajili ya harufu. Mwalimu alikuwa ameshamwambia mama yake kwa upole kwamba mtoto hasikii somo. Mambo yakibaki hivi hadi mwisho wa muhula, heri akae nyumbani.

Kila asubuhi mama huyo alimwogesha, akaviringisha pamba nyeupe, akaitia tone la manukato, akaziba masikio yote mawili. Aliziba vizuri hata mtu asione.

"Sikutaka wamcheke," anasema mfua nguo. "Nilikuwa namlinda."

Kumbe pamba ile ndiyo iliyofungia unyevu ndani, na unyevu ndio uliokuwa ukilisha ugonjwa.

Mama Tambi hakumwambia hivyo mara moja. Alimwomba kwanza amwonyeshe anavyoviringisha. Akatazama, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Dada, mkono wako mwepesi kuliko wangu. Mkono huu huu ulioziba ndio utakaokausha. Tunaubadilishia kazi tu."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemharibu?"

"Wewe umemsitiri miaka yote hii. Sasa tumwachie sikio lipumue."

Mwenye kukataa alikuwa binti. Kwenda shule masikio wazi? Alijificha nyuma ya pipa la maji akipiga kelele: "Siendi! Wataziba pua!"

Mama Tambi alimshika mkono wakaenda pamoja. Kweli, hawajakaa vizuri, mmoja akaziba pua. Mwalimu hakukaripia mtu. Alivuta kiti chake, akakiweka ubavuni mwa Samaki, akafundishia hapo mpaka kengele ya mapumziko. Kesho yake akakaa hapo tena.

"Nikikaa mimi, nani atajifanya ana pua nzuri zaidi?" anasema mwalimu huyo. Chumba chake cha kupumzikia akamwachia mama, awe anakuja mchana kubadilisha tambi.

Majuma yakapita. Utambi uliingia mweupe ukatoka wa manjano. Ukabadilishwa, ukabadilishwa tena. Dawa ya matone ikafuata. Maji hayakuruhusiwa kugusa sikio, wala mafuta, wala njiti. Rangi ikapauka. Asubuhi moja mfua nguo alikatiza kijiji kizima mbio, mkono juu, ameshika kipande cha kitambaa.

"Kikavu!" alimlilia Mama Tambi. "Shika mwenyewe! Kikavu!"

Miezi mitatu baadaye, binti akiwa amelala ubavu, uso ukutani, Mama Tambi alichungulia sikio la kulia kwa kurunzi yake yenye kioo. Pale palipokuwa na tundu kwenye ngoma ya sikio, ngozi mpya ilikuwa imetanda, nyembamba, inang'aa.

"Kama kile kiutando cha ndani ya ganda la yai," anasimulia, na sauti yake inashuka. "Hakuna aliyekishona. Sisi tulikausha njia tu. Nimeviona vichache tu."

Alimpa mama kurunzi naye atazame. Mfua nguo alitazama muda mrefu. Alipoitoa, yeye ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kelele, alinong'ona peke yake: "Mungu wangu. Kumbe kimerudi."

"Nini kimerudi, mama?" akauliza binti, bado uso ukutani.

Wanawake wale wawili walitazamana. Mtoto alikuwa amesikia mnong'ono.

Sikio la kushoto tundu lake ni kubwa. Litahitaji upasuaji, na binti yumo kwenye foleni ya daktari atakapokuja. Darasani anakaa dawati la mbele. Jina la Samaki limekosa wa kulisema.

Mama Tambi ana ndoto moja: kila kitongoji cha ng'ambo kipate mwanamke mmoja anayejua kusokota tambi na kumtambua mtoto wa kupelekwa kituoni, ili mvua zikikata njia masikio yasisubiri. Mwanafunzi wake wa kwanza ni mfua nguo, ambaye siku hizi ndiye anayechemsha na kupiga pasi vitambaa vyote. Leo wanakwenda kitongoji cha mwisho, alikojitolea kuwafundisha wenzake kwa mfano wa mwanawe.

Sinia limejaa. Mfua nguo anatokea kwenye kona na furushi kichwani, binti ametangulia mbele hatua nyingi. Mama anamwita kwa sauti ile ile ya miaka yote, ya kufukuza kunguru.

Binti anageuka, kidole juu ya midomo.

"Mama, taratibu," anasema. "Utawaamsha watu."