Apple za Sauzi na majani ya maboga ya mama: kipi kilimpa mke wangu damu?

Wakuu, heshima kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Tunduma, sijasimuliwa na mtu. Chumvi sitaongeza, labda ile ya mboga.

Mimi ni mtu wa clearing hapa mpakani, nashinda na makaratasi ya forodha ya malori.

Mwaka jana wife akiwa na mimba ya miezi sita, kipimo cha clinic kikaonyesha damu imepungua. Nesi akampa vidonge na kutuonya: isipopanda, atajifungulia hospitali kubwa, mbali na nyumbani. Niliogopa sana, sifichi.

Nikafanya tunachofanya wengi kwa mgonjwa. Apple! Madereva wanaotoka Sauzi wananifahamu, nikawa naletewa boksi zima, nyekundu, zinang'aa. Nyekundu si ndiyo damu? Hahaha, udaktari wangu huo.

Mama akasikia. Akapanda Coaster kutoka Mbozi na furushi la majani ya maboga aliyoyachuma alfajiri. Nikapokea kwa heshima, nikayaweka nyuma ya friji. Yakanyauka hukohuko.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Mimi nimekuzwa na majani hayo. Namwona mama kwenye kigoda chake, anavuta zile nyuzi za kwenye vikonyo, karanga ziko tayari kwenye kinu. Ule ukijani ulikuwa hautoki vidoleni mwake, mpaka unageuka mweusi.

Siku ya kikao cha wazazi shuleni nilimwambia afiche mikono ndani ya kitenge. Akaificha. Hakuuliza kwa nini.

Inaniuma mpaka leo, wakuu.

Turudi. Clinic iliyofuata, damu haijasogea. Nesi akamuuliza wife anakula nini. Akajibu kwa fahari, apple.

"Apple ni tunda zuri, linasaidia tumbo," nesi akasema, "ila madini ya chuma humo ni kidogo mno. Majani ya kijani yanayo zaidi, na folic pia. Kwani huko Mbozi maboga yameisha?"

Akaongeza kwamba mboga hizo ziliwe na limau au chungwa ili mwili ukipate kile chuma vizuri, na chai isubiri, maana inakizuia.

Nikampigia mama kuuliza yanapikwaje. Ya nyuma ya friji sikuyagusia.

"Baba, si wewe uliyekuwa unayaficha chini ya ugali?" Akacheka. "Menya nyuzi kwanza. Ukishaipua, kamulia limau. Bibi yako ndivyo alivyotufundisha."

Limau! Nesi kasomea, bibi hakuwahi kushika kalamu.

Nikawa nanunua sokoni kwa dada mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, yeye anayaita chibwabwa. Kila jioni namenya mwenyewe. Vidonge navyo wife alimeza, tusidanganyane. Damu ikapanda, akajifungulia hapahapa. Binti.

Mama alipokuja kumwona mjukuu, nikanyoosha mikono kumpokea mzigo. Vidole vyangu vyeusi tii! Nikairudisha mikono haraka nyuma ya mgongo.

"Acha, baba," akasema. "Ni mboga tu."

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya naongea na simu.

Nilichojifunza: tunda na mboga havigombani, kila kimoja kina kazi yake, na limau linaisaidia mboga. Ila kung'aa si lishe.

Haya, semeni nanyi. Mboga gani uliionea aibu utotoni, na ni mikono ya nani iliyokupikia?