Kona ya Sengerema

Nyumba yetu ya Mabatini ilinuka petroli. Mama alikaanga dagaa, akafungua madirisha, akasugua sakafu kwa sabuni, wapi! Petroli haikutoka, kwa sababu baba alifungulia injini za pikipiki sebuleni. Alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki, na mimi, bintiye wa pekee, niliamini hakuna wa kumfikia. Kisha akaanguka vibaya, goti likasagika, daktari akamkataza kupanda tena. Akaanza kufundisha vijana ufukweni, kwenye mchanga mgumu unaobaki ziwa linaporudi nyuma. Alifundisha vizuri, ila kwa kinyongo. Vijana wakiondoka kwa mlio, yeye alibaki akilisugua goti lake, na mimi roho iliniuma mno.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za kila aina zikimiminika mjini. Baba na rafiki yake wakapata mkweche wa gari, wakaufufua, naye akatangaza kwamba sasa atashindana kwa magari, tena Sengerema. Mama akanuna. "Nikishindwa na hili pia, nimekwisha," baba alimwambia, nami nikasikia. Tulivuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, upande wa Sengerema, sisi watatu pamoja na Masanja, mwanafunzi wake hodari kuliko wote.

Kila gari lilikimbia peke yake, mara mbili. Baba aliondoka kama risasi. Lakini mazoea yana taabu. Kwenye kona ya kwanza alifanya alivyozoea juu ya pikipiki: alilalia upande wa kona, mwili mzima, kichwa nje ya dirisha! Usukani ukamfuata, gari likaingia kwenye shamba la mihogo. Jamani, watu walicheka! Mimi nililia kwa sauti, bila aibu.

Baba akatoka amejaa vumbi, akawatazama wale watu, kisha akamwita Masanja aendeshe mara ya pili, akamwonyesha kiti cha dereva. "Kaa hapo. Na wewe utalalia kona kama mimi, nakujua." Akamwomba mama kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfunga Masanja kwenye kiti, kifuani na mabegani, kama mtoto mgongoni. Msimamizi wa mbio akakubali, siku zile sheria zilikuwa chache. Baba akapanda kando yake. Walipopita pale konani tulimsikia akipaza sauti, "Wima, ng'wanawane, mwanangu! Wima!" Masanja akakaa wima, akapita. Hawakushinda, lakini mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Siku hizi bodaboda zimejaa Mabatini, na wengi wa vijana wanaoziendesha wamejifunza kwa kuanguka tu. Watu huniuliza baba yangu aliacha lini mashindano, nami huwajibu: siku ile alipomwachia Masanja kiti. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na ni rahisi kusema. Leo nimempita umri aliokuwa nao siku ile. Nina kazi yangu, nina kiti changu, na nyuma yangu wapo vijana wanaonizidi. Bado sijaweza kushuka.