Grasiana Hakupanda Mti

Grasiana alizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Mnyuzi. Baba yake, Matayo, alikuwa mkata mkonge aliyetoka Kibondo. Shamba lilikuwa la serikali wakati huo, na kila familia ilipewa kipande cha kulima mahindi kwa sharti moja: hakuna kupanda mti wa kudumu, kwa sababu mwenye mti huja kudai ardhi. Matayo alilishika sharti hilo mpaka kufa. Binti yake akaendelea nalo.

Baadaye serikali iliuza shamba. Mnunuzi alilima miaka michache akaondoka, mkonge ukamezwa na vichaka. Watu wa kambini walibaki. Jirani, Sufiani, akapanda minazi, na Grasiana hakuacha kumsema.

"Baba Faudhia, utatuponza. Ardhi hii ina wenyewe."

"Wako wapi, dada? Wakija tutawapa madafu."

Mwaka jana walikuja: mwekezaji mpya, pamoja na wathamini wa serikali. Walieleza kwamba nyumba za kambi ni mali ya shamba, hazina fidia. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Kilichobaki kuthaminiwa ni miti. Minazi ya Sufiani ilipigwa namba kwa rangi nyekundu, naye akapata cha kununulia kiwanja Hale. Kwa Grasiana mthamini alitazama uwanja uliofagiliwa, akauliza kama kuna kingine.

Mimi, jirani yake mwingine wa kambini, nilimsindikiza Korogwe. Ofisi ya mwekezaji ilituambia hulipa kile tu kilichothaminiwa na serikali. Bwana ardhi, mtu mpole, alimpa kiti, akasema shamba sasa ni la mwekezaji, serikali haiwezi kumwingilia.

"Mwanangu," Grasiana akamwambia, "serikali ndiyo iliyotukataza kupanda."

"Najua, mama. Utaratibu ule ulikuwa wa zamani."

"Hata mimi ni wa zamani."

Bwana ardhi alicheka kidogo, akatusindikiza hadi mlangoni.

Sufiani ndiye aliyempa chumba Hale, bila hata kumkumbusha maneno yake. Siku ya kuhama Grasiana alitaka kuchukua mlango. Aliununua mwenyewe, ule wa shamba ulipooza. Ponsiano, mlinzi wa mwekezaji, mtoto wa kambi hiyohiyo, alikuja akasimama mbele yake bila kumtazama usoni.

"Mama, nyumba ni yao. Mlango nao wanauhesabu."

Grasiana hakubishana. Aliufunga, akamkabidhi ufunguo.