Nepi za Kivulini

Mama mkwe wangu alishuka kwenye treni ya Kasai akiwa na kuku wawili, kapu la unga na hofu, na hofu ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani. Ilikuwa enzi za Wabelgiji. Tulikaa hapa Kamina katika kambi ya wafanyakazi wa reli, mume wangu akiwa karani wa mizigo stesheni, na mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa bado shingo haijakaza. Mama alimpokea mjukuu wake, akamkagua mwili mzima hadi katikati ya vidole, kisha akaniuliza ni nani mwingine huwa anambeba.

Nilimwambia ukweli, maana sikuona sababu ya kuuficha. Nilisema ni jirani yetu wa ukuta wa pili, mwanamke Mluba wa hapa hapa, ambaye kambi nzima tulimwita Kambo, yaani bibi. Alikuwa mjane aliyeishi kwa mtoto wa dada yake, fundi wa njia ya reli. Yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua, na pasi yake ya makaa ndiyo niliyonyooshea nepi, kwa kuwa sisi tulikuwa bado hatujapata ya kwetu. Nikaongeza, kwa kumhurumia tu, kwamba watoto wake mwenyewe alikuwa amewazika wote.

Katika maneno yote hayo mama alisikia hayo ya mwisho. Kabla hata hajaoga vumbi la safari akaweka sheria zake. Mtoto asibebwe na mtu asiye wa ukoo. Kitu cha jirani kisiingie ndani, na pasi ni kitu. Nepi zisianikwe tena kwenye kamba ya mbele, juani, ambako kila mpita njia angeweza kuzitazama na kunyofoa kipande aende nacho anakokujua. Tangu siku ile mimi nilifua na yeye akaanika, nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, penye uchochoro kati ya ukuta na choo. Jua halikufika kule, na mchanga wake ulikuwa na unyevu siku zote. Zikishakauka nusu alizikunja, akazifungia kapuni chumbani kwake.

Nilichukia sana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na uzee haujaniponya. Lakini mkwe ni mkwe, nikameza mate nikaendelea kufua. Mume wangu, ambaye stesheni aliwafokea wafanyabiashara wenye matumbo makubwa kuliko lake, mbele ya mama yake alipotewa na ulimi.

Siku zile walipita watu wa usafi wakiwa na pampu mgongoni, wakapulizia dawa kuta na vyoo vya kambi nzima. Nzi walianguka mezani tukawafagia kama pumba. Mama alifurahi, akasema sasa hata wadudu wamekoma. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba nzi wa kuogopwa haingii ndani wala hagusi chakula.

Mtoto alianza na vipele vyekundu mgongoni na matakoni, nikadhani ni mbu. Vipele vikavimba vikawa majipu magumu, kila moja na kitundu katikati kilichovuja maji ya damu. Alilia kutwa, akanyonya kidogo, akaruka mikononi mwangu kana kwamba kuna mtu anamchoma sindano kwa ndani. Nilitaka kumpeleka zahanati. Mama akasimama mlangoni. Alisema ugonjwa huu una mwenyewe, na kwamba ameshamtumia habari mzee mmoja wa kwao, aliyekaa ng'ambo ya reli, aje na wembe Jumamosi ayapasue.

Wembe, kwa mtoto ambaye mgongo wake wote ulitosha kwenye kiganja changu. Niliogopa, na nilikasirika pia, nisijue nimgeukie nani. Asubuhi iliyofuata Kambo alinifuata bombani. Alisema anamsikia mtoto kupitia ukutani, na kilio kile si cha tumbo. Akaniuliza kama majipu yana tundu, na kama lile tundu huonekana likicheza. Nikamwambia ndiyo.

“Haiko jipu,” akasema. “Iko mududu. Anakaa mule, anapumua kwa ile tundu. Usiache bantu bamukate. Ukimupasulia mule ndani, ataoza na mutoto.”

Mama alipokwenda sokoni nilimfunga mtoto mgongoni nikaingia kwa Kambo. Alimlaza kifudifudi mapajani mwake, akachota mawese mazito kwa kidole, akaziba tundu la jipu moja. Kisha akasema tungoje. Wakati tunangoja alinieleza kwa sauti ya chini. Kuna nzi mnene wa rangi ya majani makavu, ambaye hulitoroka jua. Hutafuta mchanga wa kivulini unaonuka mkojo, au nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, akataga humo mayai asiyoyaona mtu. Vifunza huanguliwa, vikatulia ndani ya nguo kwa siku nyingi bila kula, vikingojea joto la mwili. Mwili ukija, vinaingia. Kwao kijijini nguo huanikwa jua kali, na aliye na pasi hupitisha pasi kila mahali, hasa kwenye mishono. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku zote nilidhani wanasema habari za ndugu wabaya.

Mawese yakatoa povu dogo. Ncha nyeupe ikachungulia, ikarudi, ikachungulia tena kutafuta hewa. Nilikuwa nimeshika miguu ya mtoto na jasho langu lilimdondokea. Kambo hakuwa na haraka. Aliweka vidole gumba pande mbili, akakandamiza chini kwanza halafu juu, na funza akatoka mzima, mnene, mwenye pete za miiba mwilini. Mtoto alilia mara moja akanyamaza.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake la soko. Alimtazama yule funza akijinyonganyonga kwenye jani. Moyo wangu ulitulia, nikadhani ameona kwa macho yake na mambo yamekwisha.

“Mwenye anatoa, njo mwenye alitia,” akasema, yaani anayemtoa ndiye aliyemtia. Hakupaza sauti. Alimchukua mtoto akatoka.

Sikuamini masikio yangu. Nilimfuata nyumbani, nikamnyang'anya mtoto kwa kisingizio cha kumnyonyesha, nikajifungia chumbani na kikombe cha mawese. Mama aligonga, mume wangu aliporudi naye akagonga, na mimi nilitoa funza mmoja baada ya mwingine huku nikilia kuliko mtoto. Nilipofungua mlango, mgongo wa mtoto ulikuwa na matundu matupu na wembe ulikuwa hauna tena kazi. Mama alisema nimefanya vizuri, lakini ni kwa kuwa nimefundishwa dawa na mwenye ugonjwa.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa naye. Kama ukimtetea Kambo, umerogwa. Kama Kambo akiponya, ameroga. Kambo mwenyewe angesema nini ambacho kisingemfunga zaidi?

Habari ilienea kambini haraka kuliko funza. Wanawake waliacha kusimama karibu naye bombani. Mtu aliweka majivu mlangoni pake. Mume wangu alitumwa na mama yake akaongee na mkubwa wa kambi. Akazungukazunguka, lakini mwishowe maneno yalifika. Mkubwa yule hakuuliza habari za uchawi, sheria ilimkataza. Alisema tu kwamba hataki fujo kwenye nyumba za kampuni, na kwamba yule fundi wa njia achague kati ya nyumba na Kambo. Kijana wa watu alikuwa na mke na watoto. Akasema Kambo ataondoka na lori la mwisho wa mwezi, lile lililopita karibu na kijiji chao. Kijiji chenyewe kilikuwa kimebaki jina. Hakuwa na mtu kule wa kumpikia hata uji.

Nilimwendea kupitia nyuma. Nilimkuta akifunga sufuria zake kwenye mkeka. Nikamwambia aende akajitetee, aseme yale aliyonieleza mimi. Akanijibu kwamba mtu hajitetei juu ya jambo lililokwisha kuaminiwa, na akaniomba nisije tena, nisije nikaharibikiwa na ndoa.

Nilirudi nimejaa hasira hadi kichwa kinauma, na hasira hiyo ndiyo iliyonipa akili. Nepi za mtoto nilikuwa nikiziiba kapuni kila siku, nikazipitishia sufuria bapa yenye makaa ndani, kwa kuwa pasi sikuwa nayo. Siku ile niliacha moja. Nilichukua ile ambayo mama alikuwa ameianika kwa mkono wake, akaianua kwa mkono wake, ambayo Kambo hakuwahi kuiona hata kwa mbali. Nikaizungusha kiunoni, nikafunga kitenge juu yake, nikalala nayo na kuamka nayo. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Halafu nikangoja, na ngoja ile ilikuwa mbaya. Niliwaza huenda nzi hakupita siku ile. Niliwaza huenda funza watatoka lori likiwa limekwisha kwenda. Kila asubuhi nilijipapasa kiuno kama mtu anayetafuta ufunguo. Mwasho ulipoanza nilishukuru Mungu, na sijui ni wanawake wangapi wamewahi kushukuru kwa kitu kama hicho. Ukaja uvimbe, ukaja uchungu wa kuchoma ambao ulinifanya nimwonee mwanangu huruma upya.

Siku moja kabla ya lori, nilimwomba mama mkwe aje nyuma ya nyumba. Nilifungua kitenge nikamwonyesha. Alirudi hatua nyuma, akasema yule mwanamke sasa amenitia na mimi. Nikamwambia kwamba nilichovaa ni nepi aliyoianika yeye, na kwamba hakuna binadamu aliyejua. Kisha nikampa kikombe cha mawese.

“Mama, toa weye mwenyewe.”

Alikataa. Nikasema sitasogea pale hadi majirani wote waje kuona, na alijua kwamba mimi ni mtu wa kufanya hivyo. Akachota mafuta. Akanipaka hadi mgongoni. Tuliinama pale wawili, penye uchochoro ule wenye harufu ya mkojo, nepi zikining'inia juu ya vichwa vyetu, na funza akachungulia akarudi, akachungulia tena. Nilimwelekeza: chini kwanza, halafu juu. Akakandamiza. Funza akatoka akaanguka kwenye kiganja chake.

Nikamuuliza, “Mama, mwenye ametoa ni nani?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikajiandaa hata kwa kipigo. Nilikuwa pia nimejiandaa kushinda, nasema kweli, nilitaka kumwona akishindwa. Alikaa chini kwenye mchanga ule mbichi, kiganja bado kiko wazi, na uso wake ukaanza kuchakaa mbele ya macho yangu.

“Mutoto wa kwanza wa binti yangu alitoka majipu haya haya,” akasema. “Tulimupasua. Alikufa. Nikasema njo yaya yangu alimuroga, dada yangu mukubwa, wa tumbo moja, juu yeye njo alikuwa anamubeba. Bantu bakamufukuza na mvua. Miye njo nilionyesha mulango wake.”

Nilimsikia mtoto akiamka ndani, nikashindwa kwenda.

“Basi yaya tulimufukuza juu ya nini?” akaniuliza.

Jioni hiyo mama alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa kambi kuyafuta maneno yake, na lori lilipita bila Kambo. Kambo alibaki katika nyumba ile hadi tulipohama sisi, ingawa siku chache mama mkwe wangu alizobaki nasi hakumsalimu hata mara moja, na sikuona wa kumlaumu. Mama alipanda treni ya kurudi Kasai wiki ile ile, kwenda kumtafuta dada yake. Alimtafuta kiangazi chote. Alipata watu waliomkumbuka akipita, na kila mmoja alimwonyesha njia tofauti.